Uvimbe Usiowasha: Upungufu wa Kurithi wa Kizuizi cha C1

Si kila uvimbe wa ghafla ni mzio. Katika upungufu huu, mwili hukosa protini inayodhibiti sehemu ya kinga ya asili. Bradikinini huzidi na majimaji huvuja kutoka mishipani. Uso, mikono, utumbo au koo huvimba bila kuwasha wala vipele. Mwaka 1888 William Osler alionyesha kuwa ugonjwa huu hurithiwa. Mwaka 1963 Donaldson na Evans walibainisha protini inayopungua. Kila mtoto wa mzazi mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi.

Tiba ni kurudisha protini hiyo kwa njia ya mshipa: yuniti 20 kwa kila kilo, yaani 1,000 kwa mgonjwa wa kilo 50. Isipopatikana, plazma iliyogandishwa huweza kutumika kwa uangalizi wa karibu.

Kwa mhudumu wa Kilosa au Mikumi, palipo na shaka ya mzio mkali, adrenalini itolewe bila kusita. Isipoleta nafuu, ugonjwa huu ufikiriwe. Sauti ikibadilika au mate yasipomezeka, njia ya hewa ilindwe kabla ya safari ya rufaa. Mgonjwa asipewe kaptopril wala enalapril. Naye aulizwe: nani mwingine katika ukoo amewahi kuvimba hivi?