JUA LA SAA SITA KATIKA GHUBA YA MUHURU

Kila mtoto aliyepita shuleni amefundishwa kwamba saa sita ya mchana jua huwa utosini, na kivuli cha mtu hulala chini ya nyayo zake. Lakini mtu akisimama ufuoni mwa Muhuru, katika Kaunti ya Migori, siku ya katikati ya Machi, saa yake ikionyesha saa sita kamili, ataona kivuli chake bado kimeelekea magharibi, upande wa ziwa. Je, iliyokosa ni saa, au ni kitabu?

Hakuna kilichokosa. Saa zinazotumiwa leo katika Kenya, Uganda na Tanzania zimelinganishwa na mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki, nao haupiti Kenya kabisa. Wapita Somalia, karibu na Mogadishu. Muhuru iko kama digrii 34 mashariki, yaani digrii 11 nyuma ya mstari huo. Dunia hugeuka digrii moja kwa dakika nne. Basi jua likiisha kufika katikati ya mbingu ya kule, huchukua kama dakika 44 kufika katikati ya mbingu ya Muhuru. Mombasa hungoja dakika 21 tu. Tena dakika hizo si zile zile mwaka mzima, kwa sababu mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja, na mhimili wake umeinama. Mwanzo wa Novemba adhuhuri ya kweli ya Muhuru huwa saa sita na dakika 27 hivi. Katikati ya Februari huchelewa hata ikakaribia saa saba.

Atakaye kuhakikisha haya na asimike fimbo iliyonyoka mahali tambarare, mita moja ibaki juu ya ardhi, aiweke sawa kwa timazi. Tangu saa sita na achomeke kijiti penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kitapungua, kisha kitaanza kurefuka. Kijiti kilicho karibu na fimbo kuliko vyote ndicho cha adhuhuri, na uzi ukivutwa kutoka fimbo hata kijiti hicho utaonyesha kaskazini na kusini halisi, pengine kwa usahihi kuliko dira ya bei rahisi. Mwalimu na akumbuke kuwaonya watoto watazame kivuli, wala wasilitazame jua lenyewe. Mwanga wake huunguza sehemu ya ndani ya jicho pasipo kuleta maumivu, na mtu huja kujua baadaye, uoni umekwisha kuharibika.

Kazi hiyo ya uzi haiwezekani siku mbili katika mwaka, karibu na tarehe 18 Machi na tarehe 25 Septemba. Siku hizo kivuli cha adhuhuri hutoweka, maana Muhuru iko yapata kilomita 110 kusini ya Ikweta, ile ipitayo Maseno, na jua hupita juu yake barabara likienda kaskazini na tena likirudi kusini. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kivuli cha fimbo ile huanguka kusini, urefu wake sentimita 45. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka: kivuli huelekea kaskazini, sentimita 41. Mtu wa London hajapata kuona mageuzi hayo nyumbani kwake. Kwake jua la adhuhuri li kusini daima, na mwishoni mwa Desemba hukaa chini sana hata fimbo ya mita moja hutupa kivuli cha mita 3.7 hivi.

Kwa hiyo watu wa Muhuru hawana majira ya baridi kama ya Ulaya. Hata mwezi wa Juni, jua la adhuhuri lisilo na wingu huleta juu ya ardhi kama sehemu tisa katika kumi za nguvu ya jua la utosini. Wanaoanika omena wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Samaki waliovuliwa usiku kwa taa hutandazwa asubuhi, nao wakipata jua kali la mchana hukauka vema, hasa wakianikwa juu ya vichanja mahali pa mchangani. Shida yao ni mvua. Jua likivuka Ikweta, ukanda wa mvua hulifuata kwa kuchelewa kidogo: masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Desemba. Omena walionyeshewa kabla ya kukauka huoza au hupoteza thamani, na mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku. Ndiyo sababu mwanikaji hashughuliki na kimo cha jua. Hutazama mawingu, na turubai lake huwa karibu.