Asidi Amino Moja kati ya 146: Muundo wa Himoglobini na Chanzo cha Selimundu

Kila seli hai hutegemea makundi makuu manne ya molekuli: wanga, lipidi, protini na asidi nukleiki. Wanga huhifadhi nishati. Lipidi hujipanga pamoja na kuunda utando unaoizunguka seli. Asidi nukleiki, yaani DNA na RNA, hutunza na kusafirisha maelekezo ya urithi. Protini hutekeleza sehemu kubwa ya kazi zenyewe: hubeba, hujenga, hulinda na kuharakisha mabadiliko ya kikemia. Kanuni inayoziunganisha zote ni kwamba kazi ya molekuli hutokana na umbo lake. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, huidhihirisha kanuni hiyo kwa uwazi, hasa pale umbo lake linapoharibika na kuleta ugonjwa wa selimundu.

Ngazi nne za muundo

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizoungana moja baada ya nyingine. Mpangilio wa asidi amino hizo ndio muundo wa kwanza. Sehemu za mnyororo hujisokota au kujikunja, nao huo ni muundo wa pili. Kisha mnyororo mzima hujikunja na kupata umbo lake kamili, ambalo ni muundo wa tatu. Minyororo kadhaa inapokutana na kufanya kazi kama kitu kimoja, hupatikana muundo wa nne.

Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja ukiwa na asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja ukiwa na asidi amino 146. Kila mnyororo umeshika hemu moja, na katikati ya kila hemu kuna atomu ya chuma inayonasa oksijeni. Kwa hiyo molekuli moja hubeba molekuli nne za oksijeni. Minyororo hiyo hushirikiana: mmoja ukishanasa oksijeni, umbo la molekuli yote hubadilika kidogo na mingine hunasa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana himoglobini hujaa oksijeni ikiwa kwenye mapafu na kuiachilia inapofika kwenye tishu zenye uhitaji.

Kosa la herufi moja

Maelekezo ya kutengeneza mnyororo wa beta yamo katika jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 11. Katika selimundu, herufi moja ya DNA imebadilika: mahali pa A pamekaa T. Badiliko hilo huifanya seli iweke valini katika nafasi ya sita ya mnyororo, badala ya asidi ya glutamiki. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1957 Vernon Ingram akabainisha kwamba tofauti yenyewe ni asidi amino hiyo moja.

Asidi ya glutamiki ina chaji ya umeme na hupatana na maji. Valini huyakwepa maji. Himoglobini inapoachilia oksijeni, valini hiyo hujishikiza kwenye kishimo kilicho katika molekuli jirani. Jirani naye hushika mwingine, hadi zinatokea nyuzi ndefu na ngumu. Nyuzi hizo huivuta seli nyekundu, ambayo kwa kawaida ni ya duara na laini, ikawa na umbo la mundu. Oksijeni ikirudi, nyuzi huyeyuka. Lakini kadiri seli inavyojikunja na kujikunjua, utando wake huchakaa, na mwishowe hubaki mundu daima.

Kutoka molekuli hadi mgonjwa

Seli ngumu huziba mishipa midogo, na hapo hutokea maumivu makali. Tena huvunjika mapema: seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya mundu siku 10 hadi 20 tu, na matokeo yake ni upungufu wa damu. Bandama nayo huharibika tangu utotoni, hivyo bakteria hupata mwanya. Kwa sababu hiyo watoto wenye selimundu hupewa penisilini ya kinga na chanjo, na homa kwao ni jambo la kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Ushauri wa kunywa maji ya kutosha nao una msingi katika molekuli. Seli ikipoteza maji, himoglobini husongamana, na nyuzi huundwa kwa haraka zaidi.

Mtoto mchanga mwenye selimundu huonekana mzima kwa miezi ya mwanzo kwa kuwa damu yake bado ina himoglobini ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta na huzuia nyuzi kurefuka. Dawa ya hydroxyurea hufuata njia hiyohiyo: huuchochea mwili kuongeza himoglobini ya kijusi.

Urithi na malaria

Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Hii ndiyo sababu jeni hiyo imeenea katika maeneo yenye malaria nyingi. Hata hivyo, kinga hiyo isichanganywe na hali ya mgonjwa: aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili huweza kuzidiwa vibaya na malaria, na anapaswa kujikinga nayo.

Wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo kwa kawaida hawaumwi, na huenda wasijue. Katika kila ujauzito wao, uwezekano wa kupata mtoto mwenye selimundu ni 1 kati ya 4. Hakuna kosa la mama wala la baba katika jambo hili, wala si laana. Ni herufi moja iliyobadilika. Kipimo cha damu huitambua, na mtoto anayetambuliwa mapema huanza kinga na tiba kabla madhara hayajamfika.