Soksi, Pamba na Peku: Unajua Unachosema?

Safari hii tuangalie lugha ya kuvaa.

Darasani tunasema "nimevaa". Kijiweni mambo ni mengine. Mtu akipendeza siku ya mnada pale Katesh ataambiwa "umepiga pamba" au "leo umetupia", hata kama nguo zenyewe ni za mtumba. Shati likiingia ndani ya suruali, "kachomekea". Hapo hakuna shida.

Shida inaanza pale neno la mavazi linapogeuka kuwa neno la mapenzi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kinga ikawa jambo la kuzungumzwa, lakini aibu ikabaki. Ndiyo maana utasikia kondomu ikiitwa "soksi", na kufanya mapenzi bila kondomu kukiitwa "kwenda peku".

Sasa fikiria kijana wa Mbulu au Hanang aliyekua akiongea Kiiraqw au Kidatoga nyumbani. Akiambiwa "usiende peku", si atadhani anakumbushwa viatu? Viatu navyo vina faida: ukikanyaga peku udongo wenye kinyesi, minyoo ya safura inaweza kupenya ngozi ya mguu. Lakini viatu havizuii VVU!

Jina la soksi nalo linaweza kukupotosha. Hebu tulinganishe:

1. Baridi ya Mbulu ikizidi, unavaa soksi mbili mbili. Kondomu ni moja tu. Mbili zikisuguana zinaweza kupasuka.

2. Soksi unafua na kuvaa tena. Kondomu ni ya mara moja, kisha unaifunga na kuitupa kwenye choo cha shimo.

3. Soksi ya zamani bado inafaa. Kondomu, soma kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi.

4. Mguu unaweza kuupaka mafuta kabla ya soksi. Mafuta ya kujipaka huharibu mpira wa kondomu.

5. Soksi ukisahau, utavaa baadaye. Kondomu huvaliwa kabla ya kugusana.

Kijiweni ongea utakavyo, lakini zahanati acha mafumbo. Sema wazi: "Shikamoo, nesi. Naomba kondomu." Au: "Juzi nilifanya mapenzi bila kondomu." Ukisema tu "nilienda peku", unaweza kuondoka na dawa ya minyoo. Na muda haukusubiri: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama hilo lazima zianze ndani ya saa 72.

JIPIME

(a) Rafiki yako anasema, "Mimi navaa soksi mbili, niko salama." Utamjibu nini?

(b) Andika sentensi moja ya kumwambia nesi tatizo lako bila neno la kijiweni.

Jadilianeni na wenzako, wa kike kwa wa kiume. Haya, kazi kwako!