Kazi ya Mikono Mbele za Mungu

Masomo: Wakolosai 3:22–24, Luka 3:10–14, Habakuki 3:17–18



Katika sharika zetu za Tarime na Serengeti liko swali moja ambalo wengi wanalo moyoni, ingawa si wote walisemao waziwazi. Siku ya Jumapili, wasema, twajua kwamba tu watu wa Mungu: twaimba, twasikia Neno, twaikaribia meza ya Bwana. Lakini Jumatatu twarudia jembe na ng'ombe, kuni na maji, wala hapo hatuoni tena kitu kitakatifu. Mikono yachoka, na moyo nao walegea. Je, kazi hizi ni za Mungu, au ni za tumbo tu?

Swali hili si dogo. Tuhesabu siku za mtu aliyefikia miaka sitini: nyingi amezimaliza shambani na malishoni, chache sana kanisani. Kama zile nyingi hazina maana mbele za Mungu, basi karibu maisha yake yote yamepotea, na Mungu amepewa masalio.

Martin Luther alilijua jambo hili kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt, akidhani kwamba hapo ndipo mtu awezapo kumpendeza Mungu kuliko shambani au sokoni. Siku zile neno "wito" lilikuwa mali ya watawa na mapadre; mkulima na mama wa nyumbani hawakuhesabiwa kuwa nao. Baadaye, alipoyachunguza Maandiko, aliona kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo, yawe ya utawani au ya shambani, bali kwa imani. Ndipo ukuta uliotenga kazi takatifu na kazi za kawaida ulipoanguka. Maana ikiwa Mungu hana haja na matendo yetu ili atupende, matendo hayo ni kwa ajili ya nani? Ni kwa ajili ya jirani. Yeye ndiye mwenye njaa, ndiye mwenye baridi, ndiye ahitajiye maziwa.

Katika kitabu chake juu ya ndoa, mwaka 1522, Luther alitoa mfano wa baba afuaye nguo zilizochafuliwa na mtoto wake mchanga. Watu humcheka na kumwita mjinga. Lakini Mungu, asema Luther, pamoja na malaika zake wote, amtazama na kufurahi. Si kwa sababu ya zile nguo, bali kwa sababu baba yule aifanya kazi yake katika imani. Twatamani neno hili lisomwe polepole katika nyumba zetu za Mara, ambako hata leo mwanamume akionekana amebeba ndoo ya maji kichwani atatafutiwa jina kabla hajafika mlangoni. Luther mwenyewe alipoandika hayo alikuwa hajaoa bado. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na nyumba yao ya Wittenberg, iliyojaa wanafunzi na wageni, ilisimama kwa kazi ya mama huyo, aliyelima na kufuga na kuhesabu kila senti. Bila kazi yake hatujui kama yule mwalimu mkuu angepata nafasi ya kuandika nusu ya vitabu vyake.

Tena, katika kuieleza Zaburi ya 147, Luther asema kwamba kazi zetu za shambani, za nyumbani na za mjini ni kama barakoa aivaayo Mungu: watu waona kazi ya mwanadamu, kumbe nyuma yake ni Mungu atendaye. Natulitie neno hili katika nchi yetu. Mtoto wa Mugumu anywa maziwa asubuhi, naye amefundishwa kumshukuru Mungu kwa ajili yake, na ni vema. Lakini maziwa yale yalimfikia kwa njia gani? Mvulana aliwapeleka ng'ombe mtoni na kuwarudisha kabla ya giza. Baba aliziba zizi fisi asiingie. Mama aliamka jogoo alipowika, akamwachia ndama sehemu yake, akakamua. Mungu angeweza kuyaleta maziwa kutoka juu kama mana ya jangwani. Hakupenda hivyo. Alipenda kuwatumia hawa watatu. Basi mama yule akikaa chini ya ng'ombe na kudhani kwamba Mungu yuko mbali, kanisani, akimngoja mpaka Jumapili, amekosea: yuko pale pale, anamlisha mtoto kwa mikono yake.

Hata hivyo yatupasa kuwa na akili. Hatusemi kwamba kila kazi ni njema, mradi mtu asali kabla ya kuianza. Wizi wa ng'ombe nao una bidii nyingi, una kukesha usiku, una ujasiri na mwendo mrefu. Lakini hauna jirani wa kumtumikia, una jirani wa kumlilisha. Mtume Paulo, katika Waefeso 4:28, amwambia mwizi aache wizi na kufanya kazi kwa mikono yake, kisha ataja sababu ambayo wengi huiruka: apate kitu cha kumgawia mhitaji. Hasemi apate kutajirika. Yohana Mbatizaji naye, askari walipomwuliza watende nini, hakuwaamuru kuacha uaskari. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia, akawataka waridhike na mshahara wao. Nyumba za Mara zimetoa askari wengi tangu siku za KAR, na hata leo wako wana wetu wengi katika jeshi na polisi. Tukiwaombea, tuwaombee neno hilo la Luka 3:14, maana ni lao.

Tena iko hatari ya pili. Katika nchi hii ya dhahabu, tangu mgodi mkubwa wa North Mara ulipoanza kazi hapo Nyamongo mwaka 2002, na hata kabla yake katika mashimo ya wachimbaji wadogo, vijana wengi wamewekwa katikati ya tumaini kubwa na hatari kubwa. Wako wachimbaji waendao kwa mganga kutafuta dawa ya bahati. Mkristo hufahamu kwamba jambo hilo si lake. Lakini twaogopa kwamba wengine wamelihamisha tu, wakaifanya sala kuwa hirizi mpya. Wasali ili jiwe lionekane. Lisipoonekana waacha kusali. Ibada si dawa ya kuikamata riziki. Tukiifundisha hivyo tutavuna watu wenye bidii ya wiki mbili, kisha baridi.

Sasa twafika mahali palipo pagumu zaidi, wala hatutaki kupapita mbio. Hifadhi ya Serengeti ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakawekwa mwaka 1994. Vijiji vyetu vingi vimepakana na nchi hiyo ya wanyama. Twamsifu Mungu kwa viumbe vyake. Lakini mkulima wa mpakani ajua jambo ambalo mgeni mwenye darubini halijui. Amelima kwa maksai, amepanda, amepalilia mara ya kwanza na ya pili. Mahindi yamebeba, mtama unainama. Ndipo usiku mmoja tembo waja. Huko kwenye dungu wanaume wapiga madebe na kumulika kwa kurunzi, mbwa wabweka, watoto walia. Na kunapopambazuka shamba ni kama uwanja wa mnada. Kazi ya miezi mitano imekwisha kwa usiku mmoja.

Tumwambie nini mtu huyo? Wako wahubiri wamwambiao kwamba hakusali vya kutosha. Wasimwambie hivyo, ni neno la rafiki za Ayubu, na Mungu aliwakemea kwa hilo. Wengine wamwambia kwamba vya dunia ni ubatili tu, asihuzunike. Hilo nalo halifai, maana yale mahindi hayakuwa ubatili. Yalikuwa chakula cha watoto wake na karo ya shule.

Nabii Habakuki alilijua shamba la namna hii. Ataja mti usiochanua, mzabibu usiozaa, shamba lisilotoa chakula, zizi lisilo na kondoo, banda lisilo na ng'ombe. Hafichi hata kimoja, wala haviiti vidogo. Kisha asema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Angalieni, ndugu: hasemi atafurahia hasara. Furaha yake ina mahali pengine pa kusimama, mahali ambapo tembo hafiki. Hapa ndipo ionekanapo tofauti kati ya mtu afanyaye kazi kwa ajili ya mavuno tu na mtu afanyaye kazi kama kwa Bwana, kama Paulo asemavyo katika Wakolosai. Wa kwanza, mavuno yakipotea, na kazi yake yote imepotea, kana kwamba hakulima. Wa pili alia kama yule wa kwanza, na njaa yake ni ile ile. Lakini kule kuamka kwake alfajiri, na jasho lake, na subira yake kwa maksai, vilikwisha kupokelewa siku ile ile alipovitoa. Tembo hawezi kuvila.

Wala asikae tu. Kulindana ni kazi ya upendo: zamu za usiku zipangwe, na mjane asiachwe peke yake kwenye shamba lake. Wako waliojaribu kamba zenye pilipili na uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki. Na asali ni faida juu yake. Hasara iandikishwe upesi kwa mtendaji wa kijiji, apelekewe habari ofisa wa wanyamapori. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliweka malipo ambayo watu huyaita kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa ndugu wa aliyeuawa. Si bei ya shamba, ni faraja tu, na jina lenyewe lakiri hivyo. Wazee wa kanisa wajuao kusoma wawasaidie wasiojua kujaza karatasi hizo. Hiyo nayo ni ibada, ingawa haina wimbo.

Basi, mtu aanzeje? Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 yatupa njia fupi, nasi twapenda ufupi wake. Asubuhi, uamkapo, ujitie ishara ya msalaba, useme Imani na Baba Yetu, na sala fupi, wimbo ukipenda, kisha uende kazini kwa furaha. Jioni vivyo hivyo, kisha ulale mara moja. Luther hakutaka mtu akae saa tatu akijitafuta moyoni huku ng'ombe wakilia zizini. Asiyejua kusoma ataweza. Mama mwenye mtoto mgongoni ataweza akiwa anakoka moto. Na katika maungamo Katekisimo haiulizi, "Je, umefanya matendo makuu?" Yatutaka tuitazame hali yetu: je, u baba, u mama, u mwana, u mtumishi? Humo ndimo zilimo dhambi zetu, na humo ndimo ulimo utumishi wetu.

Neno kwa wainjilisti na walimu wa kipaimara. Ninyi wenyewe mwalima, na wengi wenu hamwishi kwa posho ya kanisa. Msione haya mkikutwa na matope miguuni. Paulo alishona hema, na Bwana wetu aliitwa seremala. Somo hili tungependa mlifundishe siku ya kazi, pembeni mwa shamba au chini ya mti wakati wa mapumziko, si kanisani. Someni Habakuki 3:17–18 na kuitia mimea na mifugo ya kwenu mahali pa ile ya nabii: ulezi, muhogo, na kahawa kwa watu wa milimani Tarime. Kisha kila mmoja aulizwe swali moja tu, naye ajibu kwa jina la mtu: Ni nani aliyekula, au kuvaa, au kulala salama jana kwa kazi ya mikono yako? Akishalitaja jina hilo, aliombee.