Zaka ya fedha za tegesha

Tegesha ni jina walilolipa watu wa Nyamongo, wilayani Tarime, jengo au shamba linaloanzishwa kwa ajili ya fidia tu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na kila unapohitaji ardhi zaidi, mthamini hupita vijijini akihesabu nyumba, mazao na miti. Ndipo vinapoota vibanda vya mabati visivyolaliwa na mtu, na miche iliyobanana isiyo na nafasi ya kukua.

Mzee mmoja wa kanisa kutoka huko anaiuliza safu hii kuhusu shamba aliloachiwa na marehemu baba yake. Shemeji yake wa Mugumu, wilayani Serengeti, ataleta mabati na miche, kisha fidia wagawane. Je, akitoa zaka kamili, Mungu hatakuwa bado wa kwanza?

Hoja ya shemeji si ya kupuuzwa. Fidia ya Nyamongo imelalamikiwa kwa miaka mingi kuwa ndogo na ya kuchelewa, na mkulima anayetegesha hujiona anajilipa haki yake. Lakini uthamini mbaya una pa kulalamikiwa: kwa mthamini mwenyewe kabla ya kusaini fomu, kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, na hatimaye mahakamani. Kibanda cha uongo huwaponza hata majirani, kwa kuwa nyumba zao za kweli nazo huanza kutiliwa shaka.

Zaka haiisafishi fedha hiyo. Torati (Kumbukumbu la Torati 23) ilikataza ujira wa ukahaba kuingizwa nyumbani mwa Mungu hata kwa kuondoa nadhiri. Kisa kilicho karibu zaidi na barua hii ni cha Anania na Safira, Matendo 5, ambao nao walishughulika na bei ya ardhi. Waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro hakuwalaumu kwa kubakiza; alikiri kwamba mali ilikuwa yao. Kilichowaua ni uongo uliovikwa sadaka. Zakayo naye, katika Luka 19, hakuishia kuwapa maskini nusu ya mali yake, bali aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Fidia halali nayo ina mitego yake. Fedha za mkupuo huishia baa, kwenye pikipiki au kwa mke wa pili, na mara nyingi mke wa kwanza hakuambiwa kiasi kilicholipwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa yake. Mkristo hapaswi kungoja sheria imkumbushe. Mama mjane na ndugu wana haki yao pia katika shamba la baba, na katika Marko 7 Yesu aliwakemea waliowanyima wazazi kwa kisingizio cha sadaka.

Shemeji ajibiwe hapana kabla uthamini haujaanza. Kama vibanda vimeshasimama, vibomolewe; kama fomu imeshasainiwa ikiwa na miche ya tegesha, mzee huyo arudi kwa mthamini iondolewe. Mke, mama na ndugu waambiwe kiasi chote siku kinapojulikana, kisha zaka itolewe katika fungu lake halali.