Kisima cha Ugomvi: Somo Kutoka Migingo

Maandiko: Mwanzo 26:17–31, Yakobo 4:1–3, Mathayo 5:9

Tukisikia "usalama wa dunia" tunawaza Ukraine, Gaza na Sudan. Lakini jambo hili liko hapa hapa kwetu, Muhuru Bay, Sori mpaka Mbita.

1. Vita huanza na kitu kidogo
Migingo ni mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira. Tangu 2004 Kenya na Uganda zinauvutania. Mwaka 2009 wabunge wengine wa Kenya walitaka jeshi lipelekwe. Rais Museveni naye akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Sasa mvuvi atavua mwamba?

Shida yenyewe ni mbuta. Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya ziwa. Samaki wakipungua kwetu, vijana wanavuka, wanakamatwa, nyavu zinachukuliwa, na mama nyumbani anangoja. Yakobo anasema vita hutoka kwa tamaa za ndani yetu.

2. Isaka hakuwa mwoga
Watumishi wake walichimba visima, wachungaji wa Gerari wakadai maji ni yao. Isaka akaviita Eseki na Sitna, yaani ugomvi na uadui. Hakujifanya hajadhulumiwa. Lakini hakumwaga damu kwa ajili ya maji. Alichimba tena, akapata Rehobothi, nafasi. Baadaye Abimeleki mwenyewe alimjia, wakala pamoja, wakaapiana. Amani ilipatikana mezani.

3. Sisi tufanye nini?
Mpaka ni kazi ya serikali mbili. Tuziombee, na tuwadai viongozi wakae waongee. Lakini nyavu ni kazi yetu. Ndugu, ukivua samaki wachanga kwa nyavu za macho madogo, unachimba Sitna nyingine. Na kabla hujamtukana Mganda, kumbuka Migingo kwenyewe Wakenya, Waganda na Watanzania wanaishi mabati kwa mabati.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
- Ni "kisima" gani unagombania na jirani yako leo?
- Kijana akirudi amenyang'anywa samaki, tutamsaidiaje bila kumwongezea chuki?

Tuombe: Bwana, walinde wavuvi wetu usiku huu, wa huku na wa ng'ambo. Utupe Rehobothi. Amina.