Mikosi ya Harusi na Maana Zake

Tumeulizwa na ndugu yetu wa pwani akaaye Soy, njia ya Eldoret kwenda Kitale. Binti yake ameposwa na kijana mwema, naye ameridhika. Lakini jamaa wataka kwanza itazamwe hisabu ya nyota, na harusi isiwe Mfungo Tano. Je, yampasa kuwafuata?

Ndugu wasomaji, yataka kwanza tuijue asili ya mikosi. Mwarabu wa Jahiliya akitaka kusafiri au kuoa alikuwa akimshtua ndege: akiruka kuumeni, huendelea na jambo lake, akiruka kushotoni, huliacha. Ndipo mkosi ukaitwa tiyara, neno litokanalo na ndege. Nasi Waswahili mpaka leo twasema "ndege mbaya" na "ndege njema". Itikadi ni ile ile. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliikanusha tiyara, na papo hapo akaukanusha mkosi wa Safar, ambao ndio Mfungo Tano wetu.

Waarabu hao walichukia pia kuoa katika Shawwal, yaani Mfungo Mosi. Bibi Aisha (r.a.) akawajibu kwa ndoa yake mwenyewe, kama alivyopokea Muslim: yeye aliolewa Shawwal, akaingia nyumbani kwa Mtume Shawwal, na alikuwa na hadhi kubwa kwake. Leo harusi zetu za Mfungo Mosi ni nyingi, na mkosi tumeuona Mfungo Tano! Lau mwezi ungekuwa na nuhusi kwa dhati yake, usingebadilika kwa kubadilika watu.

Ama hisabu ya nyota, huchukuliwa jina la mtu na la mama yake, herufi zikahesabiwa kwa abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota yake. Natuijaribu. Ali ni 110, na mama yake Fatma ni 135. Jumla 245, hubaki 5, nyota ya Simba. Lakini ikiwa mama huyo ana jina jingine la nyumbani, Zuhura, jina hilo ni 217. Jumla 327, hubaki 3, nyota ya Mapacha. Mtoto ni yule yule, na saa aliyozaliwa ni ile ile. Je, aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu hugeuka kwa jina la kupanga?

Wala hatusemi kwamba kila ada ni mkosi. Huko Soy, katika ndoa ya asili ya majirani zake Wanandi, bwana na bibi harusi hufungwa mikononi nyasi ziitwazo segutiet. Asiyejua hucheka, lakini maana yake ni kuwa wawili hao wamefungamana. Nasi tuna hina, nayo ni pambo. Tuna udi, nao ni manukato. Tuna fungate, nayo ni siku saba za maarusi kuzoeana. Ada kama hizi, zikiepukana na haramu, hazina ubaya. Ubaya huingia pale mtu anapoitakidi kwamba udi wenyewe ndio ukingao shari, au kwamba pasipo hina ndoa haitadumu. Hapo pambo limekuwa itikadi.

Na hasara yake si ndogo. Kijana mcha Mungu hukataliwa kwa hesabu ya herufi, na mlevi hukubaliwa kwa kuwa nyota yake imeafikiana na ya binti. Ndoa ikivunjika, hulaumiwa nyota au mwezi; haulaumiwi ulevi, wala ukali, wala kutotoa matumizi. Hivyo mkosi huificha ile sababu ambayo tungaliweza kuiondoa, na binti wa pili huozwa vile vile.

Basi jawabu letu ni kwamba hayampasi. Nikahi yataka ridhaa, walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli, na mahari. Haikutaka mtazamia nyota. Na aulize dini ya kijana huyo, tabia yake, madeni yake, na vipi anavyokaa na mamake. Kisha aswali rakaa mbili za istikhara, ambayo Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba zake. Akiridhika, na aoze, hata kama ni Mfungo Tano.

Wabillahi taufiki.